Kilichohama Kitangazwe

Tarehe 11 Januari mwaka huu tulimzika Mama Eliaichi katika kihamba chake, chini kidogo ya Nkoaranga, kati ya migomba na mibuni aliyoipalilia mwenyewe. Tarehe 31 ya mwezi huohuo nikastaafu. Kwa hiyo ndani ya siku ishirini nilimpoteza mtu aliyenifundisha kazi, halafu nikaipoteza kazi yenyewe. Sijui kipi kinaniuma zaidi, na sitajifanya najua.

Dada Glory na Kaka Emanuel, ninyi walezi mnaobaki bwenini, mliniomba niandike ninayoyakumbuka. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa mlezi wa watoto wasioona katika bweni hilohilo mnalolijua, lenye vitanda ishirini na bati linalovuja upande wa stoo. Walimu waliwafundisha kusoma nukta nundu. Sisi tuliwafundisha kufua, kutandika, kuchemsha chai, kumwaga maji machafu mahali pake na kurudisha kitu pale kilipotoka. Kazi hii haina cheti, na wageni wakija huonyeshwa madarasa.

Siku ya kwanza nilipanda mlimani kutoka Themi, nilikozaliwa, nikiwa na sanduku la bati kichwani. Mjini nilizoea kufagia ofisi za watu. Mama Eliaichi, aliyekuwa mlezi mkuu, alinipokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi, kitambaa kimefungwa hadi kwenye nyusi, na hakupaza sauti hata siku moja. Akanipa ufagio, akasema, "Fagia." Nikafagia kwa bidii ya mtu anayetaka kusifiwa. Katikati ya korido palikuwa na ndoo ya maji ya kunywa. Nikaona imekaa vibaya, nikaisogeza hadi karibu na mlango.

Watoto walipotoka darasani, aliyetangulia alikuwa Elia, mkubwa wao, ambaye alitembea haraka kama mtu mwenye macho. Aliingia na mguu wake ukaikuta ndoo. Akaanguka kifudifudi, mdomo ukapasuka, maji yakaenda mpaka chini ya vitanda.

"Nani amehamisha ndoo?" akauliza akiwa bado chini.

Nikasema ni mimi, nikaanza kumpa pole.

"Pole baadaye," Mama Eliaichi akasema. "Kwanza waambie wote iko wapi."

Nilidhani anataka nitangaze nikiwa nimesimama mlangoni. Hapana. Alinishika mkono, akanipeleka kwa kila mtoto, wote kumi na saba, mmoja mmoja, niseme jina langu, nilichohamisha, kilikotoka na kilikokwenda. Nilipofika kwa mtoto wa tisa walikuwa wameanza kucheka. Binti mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama mgeni, wewe unaona?"

"Ndiyo, naona."

"Sasa mbona hukuona kwamba ndoo ilikuwa mahali pake?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya bweni, na kwa kweli hatukuwa na nyingine nyingi. Kilichohama kitangazwe. Chumba changu kilikuwa kidogo, sanduku halikuenea, kwa hiyo jioni ile tuliliweka koridoni, ukutani, upande wa juu wa mlango wangu. Nikazunguka tena kwa watoto kumi na saba kutangaza sanduku.

Nimesema upande wa juu. Hilo nalo nilifundishwa wiki ile. Baba yake Mama Eliaichi hakuwa anaona. Alilima kahawa kwenye mteremko uleule ilipo shule, akaenda mtoni na kurudi, wala hakupotea, kwa sababu mguu wa mtu unajua unapopanda na unaposhuka. "Kulia na kushoto vinageuka mtu akigeuka," Mama Eliaichi aliniambia. "Mlima haugeuki." Kwa hiyo kila kitu kwetu kilikuwa juu au chini. Bomba liko juu ya jiko. Choo kiko chini ya bweni. Hata vitanda, mito yote ilielekea mlimani. Hata sahani, mboga ilikaa upande wa juu na ugali upande wa chini, na mtoto aliyekula mboga ya jirani hakuwa na la kujitetea.

Mwaka mmoja alikuja mtaalamu, mtu mpole, akakaa nasi siku nne. Alitaka sahani tuzielezee kwa mtindo wa saa ya ukutani. Akamuuliza Elia, "Haya, saa tatu kuna nini?" Elia akajibu, "Saa tatu tuko darasani, mwalimu." Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kushika saa. Alipoondoka tukarudi kwenye mlima wetu, tukicheka. Baadaye nilikuja kuona kwamba mtu yule alikuwa amekaribia jambo ambalo sisi hatukuliona.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Kila mtoto alikuwa na idadi yake ya mafundo ya uzi ndani ya kola, na nguo iliyopotea ilirudi kwa mwenyewe kwa kuhesabu mafundo. Chupa ya mafuta ya taa tuliifunga mpira wa baiskeli shingoni, ya mafuta ya kula tuliiacha bila mpira. Chai hupimwa kwa kidole kilichokunjwa kwenye ukingo wa kikombe, na kwa sauti, maana kikombe kinachojaa hubadili sauti yake. Kufagia ni miguu peku, kwa sababu unyayo ndio unaosema kama vumbi limeisha. Shati lililosuguliwa vizuri hulia likikamuliwa. Mtoto akikosea, hatukurudia kazi yake. Mama Eliaichi aliwahi kula makande yenye mchanga wiki nzima bila kusema neno, mpaka yule aliyeyachambua alipochoka kuyatafuna mwenyewe.

Naserian alikuja akiwa na miaka tisa. Kwao ni Nduruma, kule chini tambarare. Bibi yake, ambaye wote tulimwita koko kama alivyomwita yeye, alimleta akiwa amembeba mgongoni, mtoto mkubwa miguu inaning'inia. Nyayo zake zilikuwa laini kama za mtoto mchanga. Koko alikuwa amemlisha kwa mkono wake tangu kuzaliwa. Alimweka kitandani, akamgeukia Mama Eliaichi, akasema kwa Kiswahili chake cha maneno machache, "Mimi nazeeka. Huyu hana mwingine. Nataka siku mimi sina nguvu, yeye anapika, tunakula wawili."

Hakuomba zaidi ya hapo. Tukasema tumesikia.

Asubuhi iliyofuata Naserian alikaa kitandani akingoja.

"Unangoja nini?" nikamuuliza.

"Maji ya kunawa. Koko huwa ananiletea."

"Hapa koko hayupo," Mama Eliaichi akasema kutoka koridoni. "Ila beseni lipo. Liko chini ya kitanda, na bomba liko juu."

Alikaa bila kunawa siku tatu. Siku ya nne wenzake walianza kumnunia kwa harufu. Akashuka kitandani, akaenda akipapasa ukuta, akajigonga kwenye sanduku langu, akalitukana kwa Kimaasai, akafika bombani. Nilikuwa nyuma yake hatua tano, mikono nimeifunga kwenye kanga ili nisimsaidie. Hilo ndilo gumu kuliko yote katika kazi hii, na hakuna anayewaambia siku ya kuajiriwa.

Baada ya hapo hakuna aliyemzuia. Alijifunza upesi kuliko wote niliowalea, na mdomo wake ulikuwa upesi zaidi. Alipofika darasa la saba alikuwa anachemsha chai ya watu kumi na tisa bila kumwaga, na kuwafundisha wadogo mafundo ya kola. Nilijivuna naye. Nisiposema hivyo nitakuwa mwongo.

Alipomaliza, mimi ndiye niliyempeleka kwao. Gari lilituacha uani kwa koko, dereva akasema anarudi baada ya nusu saa. Uwanja ulikuwa sawa kama meza. Naserian alishuka, akasimama, akasogeza mguu mmoja mbele, akaurudisha. Akasogeza mwingine, akaurudisha.

"Mama Upendo," akaniita, "juu ni wapi?"

Nikamwambia, "Kule," nikanyosha kidole. Nilimnyoshea kidole mtoto asiyeona. Mlima wenyewe mimi niliuona vizuri kabisa, uko mbali, kilele kimetoka juu ya mawingu. Yeye miguu yake haikumwambia chochote.

Alitembea kwenda kutafuta choo, akaingia kwenye mfereji wa kumwagilia mpaka magotini. Koko akamwinua, akamfuta, akamketisha kwenye kigoda, akamletea uji na kijiko. Naserian akafungua mdomo. Miaka saba ya kazi yetu, na nilisimama pale nikaangalia mtoto anafungua mdomo. Kisha dereva akapiga honi. Nikaaga, nikapanda gari.

Mama Eliaichi aliniuliza jioni ile, "Amefika?"

"Amefika salama," nikasema.

Nililala na neno hilo miezi minne. Halafu koko akapiga simu, ameazima ya jirani. Nilimwamkia, hakuitikia. "Huyu mtoto amekaa," akasema. "Miaka yote hiyo mlimfundisha kukaa? Kukaa alikuwa anajua."

Nilimfuata Mama Eliaichi jikoni, akiwa anamenya ndizi za mtori, nikamwambia yote, kidole na uji na honi. Nilingoja anigombeze. Aliendelea kumenya mpaka ndizi zikaisha. Kisha akaweka kisu chini, akaanza kukunja vidole. "Wangapi wametoka hapa wakaenda tambarare?" Akawataja kwa majina. Wa saba alikuwa Elia.

Ile haikuwa hila wala uzembe. Yeye alizaliwa mlimani na hakuwahi kulala mahali pasipo na mteremko, na mimi niliyetoka mjini nilimwamini kuliko nilivyoyaamini macho yangu. Tuliwafundisha watoto kujua kila kitu kwa mlima, halafu tukawapeleka mahali ambapo mlima hauko chini ya miguu. Saa ya yule mtaalamu haikuhitaji mlima.

Likizo ilipofika tulishuka Nduruma wawili, mimi na Mama Eliaichi, na magoti yake mabovu. Tulikaa siku nane. Siku ya kwanza alijifunga kitenge machoni, akajaribu kutoka mlangoni kwenda chooni. Akaishia kwenye uzio wa mbuzi, pua kwa pua na beberu. Koko, ambaye alikuwa hajatusemesha tangu asubuhi, akacheka mpaka akakaa chini.

"Hata wewe, mama?" akauliza.

"Hata mimi. Miguu yangu imezaliwa mlimani. Huku haina kazi."

Tulifunga kamba ya katani kutoka mlangoni hadi chooni, nyingine hadi jikoni. Naserian aliishika, akatembea nayo mara mbili, akaiachia.

"Anayefungwa kamba ni mbuzi," akasema.

"Basi wewe unataka nini?" nikamuuliza, nimeshakasirika kwa sababu ya jua.

Akafikiri. "Nataka huku nako kuwe na juu. Juu iwe mlango wa koko."

"Kwa nini wa koko?" Mama Eliaichi akauliza.

"Sauti yake inatoka huko kutwa nzima. Hanyamazi."

"Nimesikia," koko akasema kutoka ndani.

Tukaanza upya. Jiko likawa chini ya mlango wa koko, choo chini zaidi, mfereji chini kabisa, na uani kote tukawa tunatangaza kama bwenini. Siku ya tano akawa anakwenda na kurudi. Ndipo Mama Eliaichi akamuuliza swali ambalo mimi nisingethubutu.

"Na koko asipokuwepo, juu itakuwa wapi?"

Kesho yake Naserian aliomba kopo tupu la maziwa, msumari na uzi. Akafunga msumari ndani ya kopo, akatuambia tulining'inize juu ya mlango. Kule tambarare upepo hauishi. Kopo likaanza kulia, polepole, na yeye akaenda mpaka kwenye mfereji, akageuka, akarudi moja kwa moja hadi mlangoni. Koko alimwangalia. Alielewa kopo lile ni la siku gani. Aliingia ndani akatoka na msumari mkubwa zaidi.

Siku ya nane Naserian alichemsha chai kwenye mafiga. Koko tulimwambia asiguse kitu, akaikalia mikono yake kwenye kigoda ili isimponyoke. Chai ilinuka moshi. Tuliinywa yote.

Kuanzia mwaka ule, kila Ijumaa tuliwashusha watoto kwenye uwanja wa mpira, ule uliosawazishwa, tukawaachia katikati wajichagulie juu yao wenyewe. Mmoja alichagua mti wenye ndege, mwingine harufu ya jiko la shule. Na mtoto anayemaliza, mlezi alikwenda naye kwao akalala huko siku tatu. Mlezi akirudi, Mama Eliaichi hakuuliza tena kama mtoto amefika. Aliuliza, "Umemfikisha, au umemwacha?" Dada Glory, Kaka Emanuel, safari hizo msiziache. Mkiambiwa gari halina mafuta, pandeni basi.

Wale saba tuliwatafuta. Watano tuliwapata na kukaa nao kama tulivyokaa na Naserian, ingawa mmoja alikuwa amekaa miaka mingi mno, na hakutaka tena kuinuka. Mmoja tuliambiwa amefariki. Elia hatukumpata. Familia yake ilihama na majirani hawakujua ilikoelekea. Mpaka leo nikisikia mtu anatembea haraka nyuma yangu njiani nageuka kuangalia mdomo wake, kama una kovu.

Mama Eliaichi alistaafu kabla yangu, akarudi kihambani kwake. Nilimtembelea kila nilipopata nafasi. Hatukuzungumza sana. Nilimwambia nani kajifunza nini, yeye akaniuliza nani bado analowesha godoro. Mara ya mwisho, Desemba, alikuwa kitandani. Nilisogeza kikombe chake ili nipate pa kukaa, na kabla sijakaa akasema, macho yamefumbwa, "Kiko wapi?"

"Nimekihamisha, kiko upande wa chini wa dirisha."

"Haya," akasema.

Msibani Naserian alikuja na binamu yake. Koko alishafariki, na yeye anaishi uani palepale, anapika, anauza mayai. Alipofika kwenye njia ya kihamba alivua viatu. Akasimama kidogo. Nikaona miguu yake inakumbuka. Akamwachia binamu mkono, akapanda peke yake mpaka jikoni, akauliza kama kuna kazi. Akina mama waliokuwa wanapika wakamshika wakamketisha. "Kaa tu mwanangu, pole na safari. Wewe usijisumbue."

Walisema kwa upendo. Nami nilikuwa nimechoka kwa kulia, ningeweza kunyamaza. Nikakumbuka uji wa koko na honi ya gari.

"Mwacheni jamani," nikasema. "Naserian, sufuria la chai liko juu yako, karibu na nguzo. Vikombe viko chini, kwenye beseni. Nimevisogeza sasa hivi."

"Asante, Mama Upendo," akasema. Akakunja kidole kwenye ukingo wa kikombe cha kwanza, akamimina. Aligawa chai kwa watu wa msiba mpaka jeneza likatolewa nje.

Tarehe 31 Januari nilikabidhi funguo asubuhi. Vitu vyangu vilikuwa vichache, vikaingia kwenye mfuko mmoja. Kilichobaki ni sanduku la bati, pale koridoni, upande wa juu wa mlango wangu. Halikuwa limehama tangu siku ya kwanza. Kaka Emanuel alilitoa nje. Chini yake sakafu ilikuwa na rangi nyingine.

Nikazunguka kwa watoto, mmoja mmoja, wote kumi na tisa. "Mimi ni Mama Upendo. Nimehamisha sanduku langu. Lilipokuwa sasa pako wazi."

"Limekwenda wapi?" wakauliza.

"Chini."

"Chini wapi? Karibu na choo?"

"Chini kabisa. Mpaka Themi."

Anna, mdogo wao, ambaye ana mwaka mmoja tu bwenini, akauliza, "Na wewe unalifuata?" Nikasema ndiyo. Akasema haya.

Kengele ya kunawa ikagongwa. Wakatoka wakiwa wamebeba mabeseni, wakapita koridoni kwenda bombani. Wote walikuwa wameambiwa, na wote walipofika pale walikata kona, wakazunguka mahali pasipo na kitu, kama walivyozoea. Anna alikuwa wa mwisho. Alisimama, akanyosha mkono mbele, akapapasa hewa, juu na chini. Kisha akalishika beseni lake vizuri, akapita katikati.